Laini ya Saba Ilifungwa na Nani

Saa moja kasoro dakika tano asubuhi, Konsoli anavaa sweta. Nje jua limeshaanza kuchoma mabati, lakini chumba cha mashine hupoozwa usiku na mchana, na anayeingia humo na shati tupu hutoka na mafua. Anavuta kiti ambacho gurudumu lake moja limeng'oka, anakaa kwa kuegemea kushoto, anapangusa kioo kwa mkono wa sweta, kisha anaandika amri yake ya kwanza ya siku: onyesha laini zote.

Skrini nyeusi inajaa maandishi ya kijani. Laini ya kwanza, hai. Ya pili, hai. Ya tano, imeganda.

"Hapa ndipo ninapowauliza wenzangu wameamkaje," anamwambia mwandishi wa makala haya, bila kugeuza shingo. "Huyu wa tano anajifanya mgonjwa. Kila Jumatatu yuko hivi."

Anaiuliza laini ya tano ina nini mkononi. Mashine inajibu: ujumbe mmoja. Anausubiri upite. Anafunga laini, anahesabu kidogo kidogo hadi kumi, anaifungua tena. Hai. Anakuna kidevu kama mtu aliyefunga zizi.

Mzee huyu wa miaka hamsini na tisa ni mwendeshaji wa kompyuta kuu ya bohari ya dawa, na jina lake la kazini limetokana na konsoli, yaani skrini na kibodi ya kuiamrisha mashine. Kompyuta yenyewe ni kubwa kama makabati matatu yaliyosimamishwa pamoja. Kutoka hapo zinatoka laini za simu hadi bohari ndogo za wilayani, na mwisho wa kila laini kuna terminali, yaani skrini na kibodi zisizo na akili yao wenyewe. Karani wa wilaya anaandika oda ya dawa kule, inasafiri kwenye waya, inafika hapa, lori linapakiwa. Kazi ya Konsoli ni kuzilea hizo laini: kuzifungua asubuhi, kuzizindua zikiganda, kuwatumia makarani ujumbe, na kuzifunga jioni.

Amefanya hivyo miaka thelathini na mmoja. Zamani laini zilikuwa arobaini na mbili. Leo zimebaki kumi na moja, na mwezi ujao mashine itazimwa moja kwa moja. Mtaalamu wa mkataba aliyeletwa kuizima analipwa mara nne ya mshahara wa Konsoli, na kila siku anakuja kumuuliza Konsoli namna ya kuizima.

Lakini siyo hayo yanayomnyima raha. Kinachomnyima raha kiko kando ya kibodi, ndani ya bahasha ya kaki: fomu ya ukurasa mmoja kutoka ofisi ya utumishi. Ina swali moja na visanduku viwili.

Swali linasema: Je, inawezekana oda iliyoingizwa na karani, na skrini yake ikamwonyesha kuwa imepokewa, ipotee kabla ya kufika bohari? Ndiyo au Hapana.

Fomu imelala hapo siku nane. Konsoli aliwahi kuulizwa swali hilihili miaka kumi na tisa iliyopita, akalijibu kwa neno moja, na kwa neno hilo mwanamke mmoja akafukuzwa kazi.

*

Mwanamke huyo alikuwa karani wa bohari ndogo iliyokuwa mwisho wa laini ya saba. Konsoli alikuwa hajawahi kumwona. Watu wa laini walijuana kwa maandishi tu: mwendeshaji anatuma ujumbe kutoka makao makuu, karani anajibu kutoka kwake, herufi zote kubwa, hakuna nukta wala mkato.

"Alikuwa ananisalimia kila asubuhi," anasema Konsoli. "Anaandika, KAKA KONSOLI UMEAMKAJE SWETA UMEVAA. Na mimi namjibu, DADA SABA NIMEVAA MAWILI. Tulitaniana hivyo miaka minne. Akiumwa nilijua, kwa sababu aliandika polepole."

Laini ya saba ilikuwa ndefu kuliko zote, na mvua ikinyesha ilikuwa inakohoa. Asubuhi inayosemwa hapa mvua ilinyesha tangu alfajiri, na siku hiyohiyo wageni wakubwa walikuwa wanakuja saa nne kuonyeshwa mawasiliano ya kisasa.

Mkuu wa kompyuta wa wakati ule aliingia chumbani na suti mpya. Konsoli anayakumbuka maneno yake yote.

"Konsoli, nataka ukurasa mzima uwe hai. Wageni wakiona neno moja limeganda, mimi na wewe tutaongea lugha nyingine."

"Mkuu, saba ina msongamano. Nikiiacha itajisafisha yenyewe. Nipe nusu saa."

"Wageni wako kwenye ngazi, wewe unaniomba nusu saa? Zima, washa!"

Kuna namna mbili za kufunga laini. Ya kwanza ni ya adabu: unaiuliza laini ina nini mkononi, unawaandikia makarani wasimamishe kazi, unaisubiri imalize, ndipo unafunga. Ya pili inaitwa kufunga papo hapo. Hiyo iliwekwa kwa ajili ya moto na radi. Haiulizi kitu. Inakata.

Saa nne kasoro dakika nane, Konsoli alifunga papo hapo. Hakuuliza laini ilikuwa na nini mkononi. Akaifungua tena, na ukurasa wote ukawa hai, kijani kitupu kama shamba la mvua ya kwanza.

Wageni walikaa chumbani muda wa kunywa glasi ya maji. Mmoja aliuliza choo kiko wapi. Hakuna aliyeitazama skrini.

Laini ilikuwa na oda sitini na tatu mkononi. Zote za Dada Saba, alizoingiza tangu saa mbili. Skrini yake ilishamwambia kila moja imepokewa, maana neno hilo hutoka pale oda inapodakwa na mashine ndogo ya laini, ambayo huishikilia kwa muda tu na ikikatwa husahau kila kitu. Kompyuta kuu ilikuwa bado haijaziandika. Tofauti hiyo waliijua waendeshaji tu. Karani wa wilayani angeijulia wapi? Nani aliwahi kumfundisha? Semina zilikuwa za wakubwa, na wakubwa walirudi na mikoba.

Mchana Dada Saba aliandika: KAKA UMETUKATA GHAFLA ODA ZANGU ZA ASUBUHI ZIKO SALAMA.

Hapa Konsoli anavua miwani, anaifuta kwa sweta, anaivaa, anaivua tena.

"Nilikwenda kwa mkuu nikamwambia, tumwambie azirudie. Kazi ya saa mbili tu. Akaniambia, akizirudia ataandika barua kueleza kwa nini, na barua itakuwa na tarehe ya wageni wangu. Acha, zitajitokeza. Mimi nilijua hazitajitokeza. Mimi! Yeye hakujua, alikuwa hata kuwasha redio anaita mtu. Nilirudi kwenye kiti, nikamwandikia: ZIKO SALAMA DADA."

Akaandika nini yule dada?

"ASANTE KAKA."

*

Vituo vya afya vya wilaya ile vilikaa wiki sita bila dawa. Waliouguliwa mwaka ule hawahitaji kukumbushwa. Walioandikiwa panadoli kwa kila kitu, kuanzia kichomi hadi kifafa, wanakumbuka vizuri kuliko ripoti yoyote. Na ripoti ilipotoka ilisema kosa ni la karani mzembe ambaye hakuingiza oda na kisha akadanganya kuwa aliingiza.

Kikao kiliitwa. Watu saba walikaa upande mmoja wa meza, na mwenyekiti alikuwa nani? Mkuu yuleyule wa kompyuta, na suti ileile. Upande wa pili alikaa mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha bluu kichwani. Siku hiyo ndiyo Konsoli alimwona Dada Saba kwa mara ya kwanza.

"Aliponiona alitabasamu," anasema. "Alifurahi. Alijua sasa mtu wake amefika."

Dada Saba alieleza kuwa oda ziliingia, laini ikakatwa, akauliza, akajibiwa. Mwenyekiti akasema salamu za kwenye mashine siyo ushahidi. Karatasi ya konsoli, inayochapa kila amri na saa yake, ilitafutwa, na ya siku ile haikuonekana. Haikuonekana kwa sababu Konsoli alikwisha kuichana vipande akaitupa chooni, akavuta maji mara tatu.

Kisha wakamgeukia yeye. Mtaalamu, inawezekana oda ikapotea baada ya kupokewa?

"Haiwezekani," akasema.

Dada Saba alimkodolea macho tu, tabasamu likiwa bado halijamalizika kuondoka usoni.

Jioni hiyo alikuwa hana kazi. Mkuu alipanda cheo mwaka uliofuata, na cheti cha mawasiliano bora kilitundikwa kwenye korido, mpaka leo kipo, kioo chake kinafutwa kila Ijumaa. Konsoli alipewa sweta jipya.

"Ndilo hilo ulilovaa?" anaulizwa.

"Hilo nilimpa mlinzi," anajibu. "Lilikuwa linanibana."

*

Fomu imeletwa kwa sababu bohari, kabla ya kuteketeza kumbukumbu za zamani, imelazimika kuwapa waliofukuzwa nafasi ya mwisho ya kuomba mafaili yao yaangaliwe upya. Walioomba ni wanne. Mmoja wao ni Dada Saba. Faili lisiposafishwa safari hii, litachomwa likiwa na neno mdanganyifu, na neno hilo ndilo litakalobaki kwenye kompyuta mpya milele.

Karatasi haipo. Ushahidi wote uliobaki duniani ni mdomo wa Konsoli.

Siku ya tatu tangu fomu ifike, mkuu wa zamani, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kamati ya utumishi, alishuka mwenyewe chumba cha mashine. Hakuwa amekanyaga humo miaka kumi. Alikuja bila sweta na kabla hajasema lolote alipiga chafya mbili.

"Konsoli bwana, bado unaishi kwenye friji?"

"Nimezoea, mkuu."

"Nimeona wamekuletea vikaratasi. Weka Hapana, tumalize. Umebakiza miezi minne ustaafu. Tumepanga kukuaga vizuri, na shemeji aje, tukate keki." Akapiga chafya ya tatu. "Unajua ukisema Ndiyo sasa, watakuuliza mbona zamani ulisema Hapana. Utaitwa nini wewe?"

"Mdanganyifu," akasema Konsoli.

"Umeona? Sasa ya nini hayo uzeeni?"

Konsoli anasema alipobaki peke yake aliwaza kuwa yule mtu alikuwa amepatia kila kitu, ila hakuona aibu. Aibu yote ya kazi ile ya watu wawili alikuwa ameibeba mmoja, miaka kumi na tisa, na mwenzake alikuwa anatembea mikono mitupu, mwepesi, amenenepa.

Usiku ule alimweleza mkewe, fundi cherehani, aliyeishi naye miaka yote hiyo bila kujua. Mama alizima cherehani ndipo akasema.

"Kumbe ndiyo maana ukisikia mtu amefukuzwa kazi unatoka nje."

"Nisamehe, mama watoto."

"Mimi nilifukuzwa kazi wapi? Msamaha wangu utamfaa nani? Nenda kwa mwenyewe."

*

Mwenyewe siku hizi ana kibanda cha fotokopi na kupiga chapa, karibu na ofisi za ardhi. Kina mashine ya kopi moja, kompyuta moja, feni inayozungusha vumbi, na kibao kilichoandikwa kwa mkono: USIEGEMEE KIOO. Wateja wanamjua kwa kasi ya vidole vyake. Anaandika hati ya kurasa nne huku anabishana na mtu bei, bila kutazama kibodi.

Konsoli alipanga foleni kama mteja, nyuma ya watu watano.

"Kopi ngapi, mzee wangu?"

"Sikuja kwa kopi."

"Basi mpishe mwenzako. Hapa siyo pa kupumzikia."

"Mimi ni Konsoli."

Hakuacha kuandika. Alimaliza mstari, akamaliza aya, akahifadhi, akachapa, akampa mteja karatasi zake na chenji yake. Kisha akawaambia waliobaki, "Ndugu zangu, mashine imepata joto. Rudini baada ya robo saa."

Hakumkaribisha kiti. Kiti kilikuwa kimoja, alikikalia yeye.

"Umezeeka," akasema. "Mimi nilidhani watu wa friji hawaozi."

"Nimekuja kuomba msamaha, dada."

"Wa nini? Sema kwa jina."

Akasema. Alisema laini alifunga yeye, papo hapo, bila kuuliza. Alisema karatasi alichana yeye. Alisema neno lile kikaoni alilisema akijua. Alipofika kwenye ujumbe wa mchana, ni Dada Saba aliyemmalizia, kwa herufi kubwa zilezile.

"ZIKO SALAMA DADA," akasema. "Mimi hilo la kikaoni nililielewa, unajua? Nikasema kaka wa watu anaogopa, ana watoto. Ila hili. Nilikuwa na vitabu vyangu vya oda hapo hapo mezani, Konsoli. Ningezirudia zote kabla ya saa kumi. Hakuna mtu angekosa dawa, hakuna mtu angefukuzwa. Uliniambia ziko salama nikafunga vitabu nikaenda kula."

"Najua."

"Hujui. Kuna mama alikuja mlangoni kwangu baada ya kikao, mtoto wake alikuwa wa kifafa, alianguka motoni ile wiki ya nne. Akanitukana matusi yote aliyoyajua. Sikumjibu. Unajua kwa nini? Kwa sababu kufikia wakati ule mimi mwenyewe nilishaanza kujiuliza kama kweli niliziingiza. Mashine imesema hazipo, mtaalamu amesema haiwezekani, watu saba wamesema mimi mwongo. Basi labda nililala mezani nikaota. Miaka, Konsoli! Mpaka leo nikimpa mtu kopi kumi nazihesabu mara tatu, wateja wananicheka."

Konsoli alipiga magoti. Sakafuni palikuwa na mabaki ya karatasi na wino.

"Inuka, utachafua suruali na shemeji atanilaumu mimi," akasema Dada Saba. "Inuka bwana! Uliniita mwongo mbele ya watu saba, leo unaniomba msamaha mbele ya fotokopi. Hii fotokopi itanisaidia nini? Itatoa nakala?"

"Unataka nifanye nini?"

"Kikao ni Alhamisi saa nne. Mimi nitakuwepo, na binti yangu atakuwepo, amekua akisikia mama yake alifukuzwa. Usiniletee samahani hapa. Ilete kule."

Robo saa ilikuwa haijaisha lakini watu walisharudi, wakawa wanachungulia. Mmoja akauliza kama mashine imepoa.

"Imepoa," akasema Dada Saba. "Mzee alikuwa amepotea njia tu."

*

Ni Jumatano, saa nane mchana. Konsoli yuko kwenye dirisha la ofisi ya utumishi na fomu mkononi. Kisanduku cha Ndiyo kimewekwa alama kwa kalamu iliyokandamizwa hadi karatasi imetoboka. Chini yake fomu ina mistari mitatu ya maelezo. Yeye ameambatanisha kurasa sita.

"Mzee, weka tu kwenye boksi hilo," anasema binti wa dirishani.

"Hapana mwanangu. Igonge muhuri nikiona. Na uandike saa."

Binti anachukua, anapitisha macho ukurasa wa kwanza, anapunguza kasi, anageuza wa pili. Anamtazama mzee, anatazama tena karatasi.

"Lakini hapa unajishtaki mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na umemtaja mwenyekiti."

"Kwa cheo chake cha wakati ule na cha sasa. Soma vizuri, nimeandika vyote viwili."

Anagonga muhuri. Anaandika saa nane na dakika kumi na mbili, na kwa sauti ya chini anamuuliza kama ametafakari, maana bado miezi minne.

Kwenye ngazi, Konsoli anakaa kidogo kupumzisha magoti. Hajui watamfanya nini. Wanaweza kumfukuza kabla ya muda wake, na sheria wanayo. Huenda mwenyekiti atagoma kutoka kwenye kiti, aongoze kikao cha kesho mwenyewe kama alivyoongoza cha kwanza, na swali lenyewe lisiulizwe kabisa. Wakubwa wa namna hiyo hawajaisha, na ufundi wao wa kuruka maswali haujaisha.

Dada Saba hajasema kama atamsamehe. Konsoli hajamuuliza tena, na anasema hatamuuliza. Hilo siyo la kuombwa mara mbili. Anachotaka ni kitu kimoja tu: faili liandikwe upya, binti wa Dada Saba akiwa amekaa palepale pembeni ya mama yake, akisikia kwa masikio yake.

"Kesho nitakuwa mlangoni saa tatu," anasema. "Wakiniuliza, nitajibu. Wasiponiuliza, nitajibu vilevile."